Mlango Uliopigwa Randa

Karakana ya Seremala,
Nyuma ya Duka la Vioo.
Jumapili, tarehe 11, asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili mpelekee Bibi kabla hujageuza ukurasa, maana namjua, saa hizi ameshasogeza kiti ubavuni kwako anauliza, "Kasuku anasemaje? Ana mimba?" Mwambie bado, avute subira. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyosema inanuka mpaka paka amehama, imelisaidia goti au imewasaidia panya tu? Na kikohozi cha Bibi kimepungua? Nikisikia mtu anakohoa njiani nageuka nikidhani ni yeye.

Sisi ni wazima. Nataka ulishike neno hilo tangu mwanzo na usiliachie: tuko wazima, mimi na mume wangu, mikono na miguu, vichwa na meno.

Barua yako ilifika Jumatano. Niliisomea palepale barazani kwa muuza vioo, watu wakanishangaa ninavyocheka peke yangu. Umeandika kwamba mwisho wa mwezi unakuja na Bibi, na kwamba hamtaki kupelekwa kwa jirani wala kwa rafiki. Mtalala humo humo ndani ya nyumba yetu ndogo, Bibi kitandani, wewe sakafuni, hata kama itabidi miguu yako ilale nje. Na ulipouliza, "Au umewekwa nyumba ndogo ndiyo maana unatuficha?" nilimsomea mume wangu, akacheka mpaka akakaa chini kwenye maranda. Kisha tukatazamana, kicheko kikatuishia.

Shangazi, nakuomba usikate tiketi kabla hujaimaliza barua hii. Kitanda unachotaka kumlazia Bibi kimefungwa kwenye ukuta wa nyuma. Ni habari za ukuta huo ninazokuletea. Nitafika huko, ila kalamu yangu unaijua, haijui kwenda moja kwa moja. Nivumilie kwanza nikuambie ninavyopendwa.

Napendwa, Shangazi! Kila asubuhi kabla sijaenda kwenye kile chumba tunachoshonea sare za shule, mume wangu huninolea mkasi kwa jiwe lake la kunolea patasi, jiwe ambalo hata bosi wake haruhusiwi kuligusa. Wenzangu wananionea wivu, mkasi wangu unapita kwenye kitambaa kama unapita kwenye maji. Jioni nikirudi, yeye ana maranda kwenye nywele na mimi nina vipande vya nyuzi gauni zima, basi tunakaa kizingitini tunatoana takataka kama nyani wawili. Msinicheke. Nikiwa shule nilidhani mapenzi ni maneno. Kumbe ni mtu anayekumbuka kwamba unapenda chai yako iwe ya moto mpaka ikuunguze.

Sasa nyumba. Siku ya harusi hamkuiona kwa sababu ilikuwa bado haina paa. Aliijenga peke yake, jioni baada ya kazi, iwe zawadi yangu. Kati ya karakana na ukuta mrefu wa mawe ulio nyuma yake palikuwa na uwazi wa kutupia mabaki ya mbao. Bosi wake akampa. Huyo bosi tunamwita Mzee Misumari, kwa sababu husalimu, hucheka na hutukana akiwa na misumari mdomoni, na mpaka leo hajameza hata mmoja. Mume wangu akajenga pande tatu kwa mbao. Upande wa nne, ule wa nyuma, hakujenga chochote. Aliutumia ule ukuta wa mawe. "Kwa nini nijenge ukuta mbele ya ukuta?" aliniambia. "Upana wa mbao niliookoa pale ndiyo rafu yako ya viatu." Nilimwona ana akili kuliko wanaume wote duniani.

Nikisimama katikati nikanyoosha mikono, huku nagusa jiko na huku nagusa mto wa kulalia. Kila kitu kinakunjwa. Kitanda kinapandishwa kinasimama ukutani, kinashikwa na makomeo mawili, moja kila upande. Meza inashuka kutoka ubavuni kama ulimi. Vijiko vina droo yao chini ya kibao cha jiko, na hata kioo changu kina bawaba. Alivipima vyote mpaka unywele haupiti. Ukifunga droo unasikia pumzi tu, fuu, basi.

Kuizoea kulinichukua muda, sitakudanganya. Magoti yangu yalikuwa ya bluu mwezi mzima. Mmoja akivaa, mwingine anatoka nje atazame mawingu. Ukikaanga kitunguu, unakula kitunguu, unalala na kitunguu, na kesho unakwenda nacho kazini. Na tukipishana, hakuna njia ila kukumbatiana na kuzunguka kama watu wanaocheza dansi, halafu kila mmoja anaendelea na safari yake. Yeye anadai ndivyo alivyokusudia tangu alipokuwa anaichora. Nami nilikuwa nikisahau vitu upande wa pili makusudi.

Ni kitu kimoja tu tulichobishania: dirisha. Yeye alitaka rafu pale mbele, mimi nikataka hewa. Nikamwomba na kumbembeleza mpaka akalikata, dogo, la upana wa mabega yangu. "Haya, mama dirisha," akasema, "umenilia rafu nzuri." Likumbuke dirisha hilo.

Juu ya ule ukuta wa mawe ndipo alipo dobi. Uwanja wake uko juu, sisi tuko chini, na ukuta umeushikilia udongo wake wote usitushukie. Anafua mashuka ya nyumba za wageni, na matangi yake makubwa ya maji ameyapanga moja kando ya jingine ukingoni kabisa, juu ya paa letu. Ni mtu wa mzaha. Kila asubuhi anachungulia chini na kupaza sauti mtaa mzima usikie, "Bi harusi! Mmeamka, au kitanda kimewameza?" Mume wangu humjibu, "Fua, mzee, fua! Mashuka ya watu hayo!" Ndivyo siku yetu ilivyokuwa ikianza.

Na nyumba yetu ilinukia sabuni. Nilikuwa najivunia, Shangazi. Wageni wakiingiza kichwa, maana mwili mzima hauingii, wanasema, "Ama bi harusi huyu msafi, mpaka kuta zinanukia!" Nilikuwa nalala nimegeukia ukuta nivute ile harufu ya mashuka mapya. Jiwe lilikuwa la baridi na lina unyevu kidogo. Siku moja, nikifagia, niliona chini ya kitanda kipovu cheupe kimetoka kati ya jiwe na jiwe. Nikakipangusa kwa kitambaa, nikaendelea kuimba.

Halafu mlango ukaanza.

Mlango uko ubavuni, na ndicho kitu alichokitengeneza kwa uangalifu kuliko vyote. Ulianza kugusa kona ya juu. Mzee Misumari akapita, akamwona mume wangu anausukuma kwa bega, akacheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya ile misumari. "Fundi gani wewe, mlango wa mkeo unakushinda? Mbao mbichi hizo, zimevimba!" Neno hilo lilimchoma mume wangu. Palepale akaenda kuchukua randa, akaukalisha mlango juu ya farasi wake wa mbao, ile miguu ya kulazia kazi, akaupiga kona ile mpaka ukaenda laini kama siagi. Tukafurahi. Baada ya siku kadhaa ukagusa tena, juu palepale, na safari hii na chini upande wa pili. Akaupiga randa tena. Ukagusa tena. Ikawa ni sehemu ya maisha yetu, kama watu wengine wanavyomwagilia maua. Nilikuwa nafagia maranda membamba kutoka kizingitini na kuwashia jiko.

Ilikuwa kiangazi, Shangazi. Vumbi mpaka puani. Mbao hazivimbi kiangazi, na mtu anayejua hilo zaidi ya wote ni mume wangu. Lakini mtu akishaambiwa mlango unamshinda, anautazama mlango tu.

Kisha vitu vingine vikaanza kufunguka vyenyewe. Nilikuwa nimekaa nikichomeka sindano, droo ya vijiko ikatoka taratibu, kidogo tu, kama mtu anayechungulia. Nikairudisha. Ikatoka. Nikamwambia mume wangu, "Una mke mwingine humu, anatafuta kijiko." Akacheka, akaweka kibao cha kuizuia. Meza ikashuka yenyewe ikamwaga chai. Akaibadilishia ndoano. Kioo kikaanza kunionyesha dari badala ya uso wangu. Akasogeza bawaba. Kila siku nyumba ilikuwa inaharibika kidogo na kila siku alikuwa anairekebisha kidogo, na jioni alikuwa amechoka na mwenye furaha, kwa sababu kila alichokigusa kilikubali.

Mchana mmoja nilikuwa napiga pasi. Nikatoka hatua moja nje kutikisa shati. Nyuma yangu nikasikia mshindo, nikageuka, kitanda kilikuwa kimeshuka chote. Komeo moja lilikuwa halifiki tena kwenye tundu lake, na la pili likachoka kubeba peke yake. Pale nilipokuwa nimesimama palikuwa na kitanda. Pasi ilikuwa chini, na kibao cha kupigia pasi kimekatika katikati kama biskuti.

Mume wangu alikuja mbio, akanishika kichwa, mabega, mikono, kama mtu anayehesabu mayai. Halafu akatengeneza makomeo marefu zaidi.

Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza. Nikamwambia, "Mteja akilalamika kola inamkaba, fundi asiyejua anapanua kola. Kesho inamkaba tena. Keshokutwa fundi anaweka mkasi chini, anatazama bega. Mume wangu, mlango wetu nadhani ni kola tu."

Akasema, "Sasa unanifundisha mbao?"

"Nakufundisha kola."

"Mimi nimeijenga hii nyumba kwa mikono yangu."

"Ndiyo. Na hujaujenga ukuta wa nyuma."

Basi tukanuniana, kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Hujaona kichekesho, Shangazi. Katika nyumba ile hakuna pa kununia. Ukitaka kumpa mwenzako mgongo, lazima kwanza umwombe asogee. Na kitanda hakishuki mpaka makomeo yote mawili yafunguliwe kwa pamoja, kwa hiyo watu wawili wasiosemeshana ikabidi wahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kila mmoja akitazama upande wake. Kwenye "tatu" nilitaka kucheka. Nikamtazama, naye midomo inamcheza. Tukasameheana bila kusema. Lakini ukuta tuliulalia vilevile, na ulikuwa umelowa.

Jumatatu iliyopita, asubuhi na mapema, mlango ulikataa kabisa.

Alivuta kitasa. Akavuta kwa mikono miwili. Akaweka mguu ukutani akavuta kwa mwili mzima. Mlango haukutikisika hata kidogo, ulikuwa umebanwa juu na chini kama jino. "Nipe randa," akasema, kisha sote tukakumbuka kwamba randa iko karakana. Tulicheka, kweli tulicheka. Na katikati ya kicheko tukasikia nyuma ya kitanda sauti ambayo mimi naijua kwa kazi yangu: sauti ya turubai zito likichanwa polepole na mtu asiye na haraka. Kisha punje za mchanga zikamwagika kwenye shuka. Juu, dobi alikuwa anamwaga maji, anaimba. Harufu ya sabuni ilijaa mpaka macho yakatuwasha.

Nilitokea dirishani. Lile lile la kubembeleza. Lilinikwangua mabega yote mawili, nikaangukia nje kichwa mbele. Nikamgeukia nimvute, akaingiza mkono, akaingiza kichwa, mabega yakagoma. Shangazi, mume wangu ana mabega ya mtu anayesukuma randa tangu utotoni. Alibaki ananitazama ndani ya lile dirisha kama picha kwenye fremu.

Nilikimbilia karakana nikampitishia nyundo na patasi. Nikamwambia, "Vunja!" Akaanza kugonga pini za bawaba, taratibu, moja moja. "Vunja mlango, utanifia humo!" Akasema, "Siuvunji, ni wako." Nilimtukana, Shangazi. Nilimtukana matusi niliyoyasikia kwa Mzee Misumari na mengine niliyatunga pale pale. Alipotoka, alitoka ameubeba mlango mgongoni, mweupe kwa vumbi, anatabasamu, na nikampiga makofi ya kifua mpaka nikachoka, kisha nikamkumbatia pamoja na mlango wake.

Aliulaza mlango kwenye meza ya kazi ili aupige randa. Ni mazoea tu, mkono ulikwenda wenyewe. Kabla ya kuanza akaweka kile chuma cha pembe wanachoita skwea, kupima kona. Akakiondoa, akakipangusa, akakiweka tena. Kati ya chuma na mbao palikuwa na mwanya wa kupitisha kidole. Akapima kona ya chini, hivyo hivyo. Mlango alioutengeneza mraba ulikuwa umelala upande mmoja kuanzia juu mpaka chini, na yeye mwenyewe ndiye aliyeulaza, randa kwa randa, akiufuata ukuta unakokwenda. Akaiweka randa chini. Kisha akasema, "Kumbe siku zote hizi nilikuwa nauchora ukuta unavyoanguka."

Alirudi kwenye nyumba na timazi, ule uzi wenye uzito mwishoni, akauning'iniza pale ukuta unapokutana na paa. Juu uzi uligusa jiwe. Chini ulikuwa umesimama mbali na jiwe, mkono wangu mzima ukapita katikati. Ukuta ulikuwa umetuinamia kama mtu anayesoma barua yako juu ya bega lako.

Siku hiyo hiyo tulipanda kwa dobi, mume wangu na mlango mgongoni. Dobi akatuona akaanza, "Ooo, bi harusi ametoroka na mlango! Leo mmelala nje?" Mume wangu aliusimamisha ule mlango ndani ya fremu ya mlango wa dobi mwenyewe, akamwonyesha juu na chini. Dobi akacheka kidogo, halafu kidogo zaidi, halafu akaacha. Akatuambia uwanja wake hauna tatizo, tena siku hizi ni mzuri kuliko zamani, maji ya kufulia hayatuami tena, yanakauka yenyewe. Akayasikia maneno yake mwenyewe. Akaenda nyuma ya matangi, akasogeza makatoni ya sabuni, na hapo chini palikuwa na ufa umefuata ukingo mzima. Akachukua fimbo yake ya kukorogea nguo, ndefu kuliko yeye, akaitia. Ikazama yote mpaka vidole vyake vikagusa udongo.

Tangu siku hiyo hajatufanyia mzaha. Amewahamisha wafanyakazi wake upande wa barabara, na maji ya matangi ameyafungulia yakaishia mtaroni. Matangi yenyewe hayahamishiki mpaka waje watu na kamba. Mwenye kiwanja ameambiwa. Amesema atatuma mtu. Mtu huyo bado.

Sisi tunalala hapa karakana, katikati ya mbao. Mzee Misumari ametupa kona na hasemi tena habari za mbao mbichi. Mtaani wanacheka, wanasema maharusi wamekimbia kunguni. Wacheke. Nilitoa nguo, sufuria, cherehani na kioo. Kilichobaki ndani ni kitanda tu, kwa sababu kimefungwa kwenye jiwe kwa bolti.

Na hapa ndipo ninapohitaji msaada wako. Tangu barua yako ifike, mume wangu hatulii. "Bibi hawezi kulala chini na kifua kile," anasema. "Ni bolti nne tu. Naingia, natoka." Nimemwapisha. Ameapa, lakini anaapa huku anatazama kule. Kila saa nikiinua uso namwona amesimama pembeni ya nyumba, mikono kiunoni, anaihesabu ile kazi. Ni mtu ambaye hajawahi kuacha kitu hakijakamilika, na ndiyo sababu nilimpenda. Kwa hiyo, Shangazi, andika upesi. Mwambie Bibi atamke, kwa maneno yake, kwamba mgongo wake siku hizi unataka sakafu. Mume wangu atamsikia Bibi. Mimi ananiitikia tu.

Nakuandikia juu ya mlango wenyewe, ndio meza yangu sasa. Ule mstari wa penseli unaouona umekatiza juu ya ukurasa huu si mkono wangu kutetemeka. Nimelaza ubavu wa karatasi kwenye ubavu wa mlango nikafuata ukingo wake wa juu. Weka rula mjionee. Ndivyo nyumba yetu ilivyokuwa imelala wakati sisi tunacheka ndani yake.

Mawingu yamekuwa meusi tangu asubuhi na sasa tone la kwanza limegonga bati. La pili. Nasita kuandika, nimeinua uso kumtafuta, na pale ukutani ambapo kila chombo kina msumari wake, msumari wa spana uko mtupu.

Shangazi, nimerudi. Ni jioni. Kumbuka neno nililokushikisha mwanzoni.

Nilimkuta ndani. Bolti tatu zilikuwa sakafuni. Mvua ilikuwa inapiga, na ukuta ulikuwa unatoa povu, si kipovu tena, povu linashuka kati ya mawe kama maziwa yanayochemka. Nikasimama pale palipokuwa na mlango nikamwambia, "Toka." Akasema, "Moja tu." Nikasema, "Mume wangu, toka." Akasema bila kugeuka, "Moja tu, mke wangu, ni ya Bibi."

Sikupiga kelele. Niliingia nikakaa juu ya kitanda, ambacho tangu Jumatatu kilikuwa bado kimeshushwa. "Haya," nikasema, "fungua na mimi nimekaa. Ukibaki nabaki." Alinitazama. Ile sauti ya turubai likichanwa ikaanza. Akaidondosha spana, na kwa kuwa nyumba ile haina njia nyingine, alinikumbatia akanizungusha kama tulivyozoea, tukatoka ubavu ubavu, yeye nyuma mimi mbele, tukafika kwenye mlango wa karakana tukiwa bado tumeshikana.

Hatukuuona ukuta ukianguka. Tuliuhisi miguuni. Nilipogeuka hapakuwa na paa letu wala dirisha langu, palikuwa na udongo, na mawe, na lile tangi moja limelala kifudifudi, tupu, na mashuka meupe ya wageni yametandazwa juu yake yote kana kwamba mtu ametandika kitanda. Juu kule dobi alikuwa analia kwa sauti, "Bi harusi! Bi harusi!" na mume wangu akamjibu, "Tupo! Tupo wote!" mara nyingi, hata baada ya yule mzee kusikia. Hata sasa ninapoandika, harufu ya sabuni imejaa karakana nzima. Sijui kama nitaweza kufua.

Mume wangu amekaa karibu yangu, mkono wake haujaacha gauni langu tangu mchana. Sasa hivi amepitisha kiganja juu ya mlango huu akaniuliza kama tukipata kiwanja, tunaweza kuutia vipande kwenye kona ukawa mraba tena. Nimemwambia ndiyo, ila kiwanja kiwe tambarare na kuta zote nne azijenge mwenyewe.

Msalimie Baba Mdogo na redio yake, wale mapacha wasiokubali kunyoa, na jirani yako wa maziwa aliyenichezea ngoma mpaka viatu vikakatika. Mbusu Bibi mashavu yote mawili, umwambie mjukuu wake mkwe alitaka kumletea kitanda. Mungu awape usingizi mzito na kuta nyoofu, na mvua iwapitie juu ya paa, isiwaguse.

Tiketi kateni. Mtalala kwenye maranda pamoja nasi, ni laini kuliko mnavyodhani. Nyumba hatuna, lakini mlango tunao.

Ni mimi mwanao, nikupendaye mpaka nakosa pa kuyaweka mapenzi yenyewe,

Kasuku